Kupima Kichwa, Kupima Neno

Lugha yetu ni karimu kwa nywele zinazostawi. Kuna nywele za singa na nywele za kipilipili. Kuna mabutu, kuna tatu kichwa, kuna twende kilioni, msuko ambao jina lake peke yake ni hadithi. Nywele zikikusanywa juu ya utosi huitwa shungi. Zikizeeka hupewa jina la mvi, na mvi hupewa heshima yake. Lakini zikianza kuondoka, ukarimu huo hukoma. Yanabaki maneno kama kipara, upara, uwaraza na mapunye, ambayo wengi wetu tuliyasikia kwanza katika utani wa utotoni, nao utani huo uliwalenga wanaume au wagonjwa. Mwanamume mwenye kipara huitwa kwa kipara chake naye huitika, pengine kwa fahari. Mwanamke ambaye ngozi ya utosi imeanza kuchungulia kati ya nywele hana neno lake. Husema kwa kuzunguka: zimekuwa haba, zimepungua, si kama zamani.

Marehemu mama yangu alikuwa na kauli yake. "Zimenikimbia," alisema, kama asemavyo mfugaji aliyesahauliwa na njiwa zake, kisha akajifunga kanga kichwani. Aliifunga miaka 12, ndani na nje ya nyumba, wala hakuna aliyemwuliza. Nilipotimiza miaka 48, nami zikanikimbia.

Kazi yangu ni kufundisha fasihi katika shule ya sekondari, na pale ninapoalikwa hughani mashairi. Mwalimu huwapa wanafunzi kisogo chake kila aandikapo ubaoni. Mghani naye husimama chini ya taa, na taa ya ukumbini humulika utosi kwanza, ndipo ikashuka usoni. Katika mwaka mmoja nilikataa mialiko mitatu kwa sababu ya taa hiyo. Hivyo ndivyo swali la wigi lilivyonijia. Halikuwa swali la urembo. Lilikuwa swali la kama nitaendelea kusimama mbele ya watu.

Kabla ya duka nilikwenda kwa daktari wa ngozi, na swali lake la kwanza lilikuwa la msamiati. "Mama, zinakatika au zinanyonyoka?" Nilifurahi kuulizwa hivyo, maana ni vitenzi viwili ambavyo sisi watunzi huvibadilisha ovyo tukitafuta kina. Unywele unaokatika huvunjika njiani, shina lake likabaki kichwani. Dawa kali za kulainisha na joto la pasi hufanya hivyo. Unywele unaonyonyoka hutoka na mzizi wake, kama unyoya wa kuku aliyemwagiwa maji moto. Akaongeza kitenzi cha tatu: kupukutika, nywele nyingi kuanguka kwa pamoja kama majani, jambo linaloweza kutokea miezi miwili au mitatu baada ya homa kali au baada ya kujifungua, na ambalo kwa kawaida hupita lenyewe. Kichwa chenye afya nacho hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku. Kwangu mimi, alisema, jambo lilikuwa la urithi: kila unywele uliotoka ulirithiwa na mwembamba zaidi, hata warithi wakawa kama nyuzi za buibui.

Alinionya pia, na onyo lake nalifikisha hapa kwa kuwa ni zito kuliko yote nitakayoyasema. Utosi ukiuma, ukiwasha, au ngozi yake ikianza kung'aa kama iliyopakwa mafuta, au nywele za pembeni mwa paji zikirudi nyuma kwa misuko inayovuta, mtu asikimbilie dukani. Yapo magonjwa yanayoacha kovu na kuviziba vinyweleo moja kwa moja. Yakitibiwa mapema husimama, yakifunikwa huendelea gizani. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Nami natia maji ya wengine.

Baada ya hapo ndipo nilipokutana na neno lililonizuia mlangoni kwa miezi kadhaa: bandia.

Tunasema nywele za bandia. Tunasema pia noti bandia, dawa bandia, vyeti bandia. Neno hilo limekaa mahakamani miaka mingi, na limeshika harufu ya mahakama. Nilijiuliza: nikisimama kughani ubeti unaosifu kweli, huku kichwani nina kitu ambacho lugha yangu inakiweka kapu moja na noti ya kughushi, je, sijajivika kilemba cha ukoka mwenyewe? Nilikumbuka mkakasi ambao uzuri wake huishia kwenye kipande cha mti. Nilikumbuka nguo ya kuazima isiyositiri matako. Wahenga walikuwa wamenizunguka pande zote, na hakuna aliyenihurumia.

Hata serikali ilikuwa imeyazungumzia mawigi. Mwezi Juni 2019, Waziri wa Fedha wa Tanzania, Philip Mpango, alipendekeza bungeni ushuru wa asilimia 25 kwa nywele za bandia zinazotoka nje ya nchi, na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini. Siku zile nilicheka pamoja na waliocheka. Nywele zilihesabiwa kuwa anasa, na mimi nilikuwa bado na zangu.

Lakini neno bandia lina upande wa pili, nao nilikuwa nimeupita bila kuutazama. Tunasema pia meno ya bandia na mguu wa bandia. Hakuna aliyewahi kumwambia mtu mwenye mguu wa bandia kwamba anaidanganya barabara. Anayetengeneza noti bandia anataka anayeipokea asijue. Anayevaa mguu wa bandia anataka kutembea. Neno ni moja, nia ni mbili. Swali halikuwa tena kama wigi ni bandia. Lilikuwa ni bandia ya upande upi.

Ukitaka kuona kwamba wigi lenyewe halina dhambi, tazama mahakama zilizorithi desturi za Waingereza. Majaji walivaa mawigi meupe ya manyoya ya farasi, na hakuna mshtakiwa aliyedhani kwamba nywele zile zimeota pale. Lilikuwa vazi la kazi. Kenya ilipounda Mahakama yake ya Juu mwaka 2011, Jaji Mkuu Willy Mutunga na wenzake waliyaweka kando mawigi hayo kwa kuwa yalikuwa alama ya ukoloni. Yaliachwa kwa sababu yalisema jambo ambalo nchi haikutaka tena kulisema, wala hakuna aliyeyashtaki kwa udanganyifu.

Basi nikaenda Kariakoo. Nilipanda ghorofani kwa mama mmoja anayeshona na kurekebisha mawigi, mtu wa makamo, futi kamba shingoni kama fundi cherehani. Nilimkuta akifunga lastiki ndani ya wigi kwa uzi mwembamba.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Unataka refu au fupi?"

"Nataka linalonifaa."

Akacheka. "Hilo haliko ukutani. Kaa nikupime."

Nilidhani kichwa hupimwa mara moja, mviringo tu. Alinipima mara sita. Alianza na mzunguko: kutoka pale nywele zinapoanzia juu ya paji, nyuma ya masikio, hadi kisogoni na kurudi. Kisha kutoka paji kupita utosini hadi ukosi. Kisha sikio hadi sikio kwa kupitia mbele, halafu sikio hadi sikio kwa juu. Kisha panja hadi panja kwa kuzunguka nyuma. Mwisho, upana wa ukosi wenyewe. Mawigi mengi ya kiwandani, alinieleza, hushonwa kwa kichwa cha wastani chenye mzunguko wa sentimita 56 hivi. Changu kilitoka 58.

"Una kogo, Mwalimu," alisema, kwa kuwa nilikuwa nimeshamweleza kazi yangu. "Ukichukua la wastani, litapanda. Litakuwa linapanda siku nzima, na wewe siku nzima utakuwa unalishusha."

Nilitabasamu, maana nilikuwa nimesikia somo langu mwenyewe. Wenzangu katika utunzi wanajua kwamba neno likizidi mizani tunalikata tukaita inkisari, na likipungua tunalirefusha tukaita mazida. Ruhusa hiyo tunayo, lakini mtunzi anayekata na kurefusha katika kila mshororo huonyesha kwamba hakuchagua neno, alilazimisha. Lastiki iliyo ndani ya wigi ndiyo ruhusa ya fundi. Huvuta kidogo, huachia kidogo. Haigeuzi kichwa cha 58 kuwa cha 56.

Alinivisha la kwanza. Lilikuwa zuri mno: jeusi la nambari 1, zito, lenye nywele zilizojaa hadi ukingoni mwa paji. Kwenye kioo niliona mwanamke mwenye kofia ya nywele. Fundi alinionyesha kosa lake bila kunicheka. Nywele za asili hazianzi kwa wingi. Pale mbele huanza moja moja, nyembamba, ndipo zikashikana. Wigi likijaa sana ukingoni hujitangaza lenyewe. Na mtu wa umri wangu, alisema, nambari 1 humwongezea miaka badala ya kuipunguza, kwa sababu uso na nywele havisemi tarehe moja. Akanionyesha 1B, weusi uliolegea kidogo, na lingine lenye mvi chache zilizotawanywa panjani. Nililipenda lile la mvi. Mvi zangu nilikuwa nimezifanyia kazi.

Tukaja kwenye kofia ya ndani, ambayo mnunuzi mara nyingi haiangalii kabisa. Ipo iliyoshonwa kwa mistari ya nywele juu ya vitambaa: ni imara na ya bei nafuu, lakini kwa mwenye utosi mwembamba mishono yake hukwaruza, na ukipasua njia kati ya nywele huonekana kama barabara iliyochorwa kwa rula. Ipo ya lesi mbele, ambayo nywele zake zimefungwa moja moja kwenye wavu mwembamba, na ngozi yako ndiyo inayoonekana chini yake. Nilipouliza kuhusu kile kipande kidogo cha utosini kinachoshikwa kwa vibanio, alinishika nywele za pembeni, akazipapasa kwa vidole viwili, kisha akatikisa kichwa. "Kibanio kinataka mahali pa kushika. Hizi zako zikivutwa kila siku, zitakwenda kuwafuata wenzake." Gundi nayo aliikataa kwa hoja hiyo hiyo.

Malighafi ilikuwa mjadala wa bei na wa jiko. Nyuzi za kiwandani ni nyepesi, hushika umbo lake hata baada ya kuoshwa, na wigi lake lilikuwa shilingi 60,000. Lakini nyingi haziwezi joto: ukiinama juu ya jiko la mkaa au ukifungua oveni, ncha za mbele hujikunja na kushikana, wala hazirudi. La nywele za binadamu lilikuwa shilingi 380,000, linavumilia joto, linachanika kama nywele, na linahitaji kutunzwa kama nywele. Nilihesabu miezi ambayo lingedumu, nikahesabu na mshahara.

Sehemu kubwa ya nywele za binadamu zinazouzwa duniani hutoka India na China. Katika hekalu la Tirumala, jimbo la Andhra Pradesh, mahujaji hunyolewa vichwa kutimiza nadhiri, na hekalu huziuza nywele hizo kwa mnada. Jambo hili lilinituliza kwa namna ambayo sikuitarajia. Pwani yetu nasi tunamnyoa mtoto siku ya saba, na wapo wanaozipima nywele zake na kutoa sadaka ya fedha yenye uzito huo. Nywele zinaweza kutoka kichwani zikiwa na maana, na zikafika kwingine zikiwa bado na kazi. Sijui zangu zilitoka kichwa gani, ila najua kwamba sikuziazima. Nilizilipia, na fundi alizipima kwa kichwa changu. Mwenye methali ya nguo ya kuazima hakuwa akinisema mimi.

Ulibaki mtihani. Fundi aliliweka lile la pili, ukingo wake vidole vinne juu ya nyusi, akasawazisha vile vindimi viwili vinavyokaa mbele ya masikio, kimoja kisipande kuliko kingine. Akaniambia niiname kama nitafutaye sindano, nitikise kichwa, ninyanyue mikono. Likatulia. Kisha akasema, "Sasa fanya kazi yako." Nikamwuliza ipi. "Si unaghani?"

Nikaghani ubeti wangu mmoja palepale, kwa sauti ya ukumbini. Ni jambo ambalo halimo katika maelekezo ya duka lolote, lakini mwalimu, mhubiri, mwimbaji na mghani wote wanalihitaji: taya likifunguka wazi, misuli ya panjani husogea, na wigi linalobana hupanda ngazi moja kwa kila silabi. Wateja wawili waligeuka. Muuzaji wa duka la jirani alichungulia mlangoni. Nilifika mwisho wa ubeti bila kukipeleka kiganja kichwani hata mara moja, na hapo nikajua kwamba nimeshachagua.

Tangu siku hiyo nimeielewa tofauti kati ya zile bandia mbili. Wigi lisilokaa humgeuza mvaaji kuwa mlinzi. Analichunga kwenye daladala dirisha likiwa wazi, analichunga akikumbatiwa, analichunga akicheka. Mtu anayechunga siku nzima mwishowe hujiona ana kitu cha kuficha, hata kama hakukusudia kuficha. Wigi linalokaa humwachia mvaaji akili yake aitumie kwa mengine. Ndiyo maana kipimo ni jambo la ukweli, licha ya kuwa jambo la raha. Sentimita mbili zinaweza kumtenga mtu anayetembea na mtu anayejificha.

Wapo watakaouliza kwa nini sikujifunga kilemba. Ni swali la haki, na kwa wanawake wengi kilemba au mtandio ni jibu kamili, lenye heshima na historia kuliko wigi lolote. Kwangu kilemba ni vazi la arusi na la kilio. Nilitaka kibaki hivyo, nikifunge siku ambayo moyo una neno la kusema, wala kisiwe kifuniko cha kila Jumatatu.

Wiki ya kwanza kazini, mwalimu mwenzangu alinishika mkono kwenye chumba cha walimu. "Dada, hongera! Nywele zako zimerudi!" Palikuwa na watu sita, na chai ilikuwa mezani. Sentensi nyepesi ilikuwa tayari mdomoni: ahsante. Ingetosha. Ingekuwa pia noti ya kwanza ya kughushi. Nikasema, "Hazijarudi, dada. Nimevaa."

Kitenzi hicho kilinitoka kabla sijakitafuta, na kimenitosha hadi leo. Kwa Kiswahili tunavaa viatu, tunavaa miwani, tunavaa saa, tunavaa pete. Tunavaa na wigi. Hakuna avaaye noti bandia. Nilikuwa nimekaa miezi nikibishana na nomino, kumbe jibu lilikuwa ndani ya kitenzi tunachokitumia kila asubuhi: kinachovaliwa kina mwenyewe, kina kipimo, na jioni kinavuliwa. Yule dada alinitazama kidogo, kisha akanisogelea na kuniuliza kwa sauti ya chini kama fundi wangu anaweza kupima kichwa cha mama yake, ambaye hajatoka kwenda kanisani tangu Pasaka. Nikamwandikia njia ya kufika. Mwaliko wa nne wa kughani nilikuwa nimeshaukubali.

Deni langu kwa lugha bado lipo. Mwanamke mwenye nywele haba anastahili neno lake, lisilo la tusi wala la kuzunguka. Ndugu zangu wa Pemba, Lamu, Tanga na Bukavu, mnaosikia bibi zenu wakizungumza uani, tegeni sikio. Huenda neno lipo na ni sisi tuliolipoteza. Wakati tunalitafuta, pokeeni ubeti huu, ambao mizani yake nimeihesabu kwa vidole vile vile vinne:

Kichwa kwanza nilipima, ndipo wigi kuchagua,
Lisibane huku nyuma, wala mbele kufunua,
Na upepo ukivuma, moyoni nimeshatua,
Cha bandia huwa chema, mwenyewe akikijua.